Meza ya mita 5 kwa 3, na mkono usiofika katikati

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina chumba cha mita 6 kwa 4 ambacho nimekitenga kwa ajili ya reli ya modeli, kipimo cha HO (kila kitu kidogo mara 87 kuliko cha kweli). Kwa miaka mitatu nimechezea ubao wa mita 2.4 kwa 1.2, sasa nataka kujenga kubwa inayofanana na reli yenyewe. Mpango wangu ni meza moja ya mita 5 kwa 3 katikati ya chumba, njia nne za mzunguko, milima katikati na stesheni pembeni. Kwenye ubao wa sasa treni hupunguza mwendo ikifika mbali na pale nilipounganisha umeme, na mabehewa ya abiria (sm 30 kila moja, natembeza manane kwa pamoja) huacha njia kwenye kona za nusu kipenyo cha sm 45. Je, matatizo haya yataongezeka? Na kwa nini, hata nikipaka milima rangi vizuri, bado inaonekana kama mchezo wa watoto?

JIBU: Weka msumeno chini kwanza, ndugu yangu. Ndiyo, yataongezeka, na meza hiyo itakuletea lingine kubwa zaidi. Ndani ya chumba cha 6 kwa 4 itakuachia nusu mita tu kila upande, utapita kiubavuubavu. Mkono wa mtu mzima aliyeinama bila kuangusha nguzo za ishara unafika sm 65, labda 70. Toa hizo pande zote mbili, katikati inabaki kanda ya mita 1.6 ambayo hutaigusa tena mpaka upande juu ya meza. Na treni itaachia njia papo hapo. Sijawahi kuona iliyoacha njia mbele ya kifua changu.

Niliwahi kumjengea mteja meza ya namna hiyo nilipokuwa naanza kazi hii. Wiki chache baadaye tulitoboa mlima tukaweka kifuniko, nami nikawa naibukia kileleni kama panya buku kila behewa linapoanguka.

Jenga rafu inayozunguka ukuta. Upana sm 60, kimo kama sm 120 toka sakafuni, ili jicho lako litazame treni kwa ubavu, si kutoka angani kama mwewe. Njia kuu ikipita katikati ya rafu utapata mzunguko wa karibu mita 16, ambao kwa kipimo cha 1:87 ni kama km 1.4 za reli halisi. Kona utazipinda kwa nusu kipenyo cha sm 90 bila shida. Katikati ya chumba itabaki nafasi ya mita 2.8 kwa upana. Hapo unaweza kutoa rafu nyingine kama ulimi, upana sm 90, ikianzia ukuta mmoja mfupi na kwenda mita 3.5 hivi. Pande zote mbili unabaki na ujia wa sm 95, watu wawili wanapishana. Usijaribu kugeuzia treni kwenye ncha ya ulimi huo: kona ya sm 75 tu inataka upana wa zaidi ya mita 1.5, na ujia wako umekwisha. Ufanye uwe tawi la reli linaloishia kwenye stesheni ndogo. Mlangoni weka kipande cha daraja kinachonyanyuka, na waya zake uzipange ili kikinyanyuliwa, nusu mita ya reli kila upande ikose umeme. Usipofanya hivyo, siku moja kichwa cha treni kitaruka kutoka kimo cha sm 120 hadi sakafuni.

Sasa mabehewa. Kanuni tunayoitumia mafundi ni kwamba nusu kipenyo cha kona kisipungue mara tatu ya urefu wa behewa refu kuliko yote. Lako ni sm 30, kwa hiyo sm 90. Wewe umekuwa ukiyapindisha kwenye 45, nusu ya inavyotakiwa. Yakiwa manane, kichwa kinayavuta kwa mshazari na yale ya katikati yanaangukia upande wa ndani wa kona. Yapime uzito pia. NMRA, chama cha waundaji reli za modeli cha Marekani kilichoanzishwa 1935, kinapendekeza kwa HO wakia 1 na kuongeza nusu wakia kwa kila inchi ya urefu. Kwa behewa lako ni kama gramu 195. Likipungua, gundisha vipande vya chuma sakafuni mwake, katikati, chini kabisa.

Kosa lingine ni kona mbili zinazofuatana kwa pande tofauti, kama herufi S. Katikati yake lazima kuwe na reli iliyonyooka yenye urefu wa behewa zima. Kabla ya kulaumu magurudumu, funga macho upitishe ncha ya kidole juu ya kila kiungio cha reli, taratibu. Kidole kinahisi kijinundu ambacho jicho halikioni. Kwenye kona, unganisha vipande viwili kwa kulehemu vikiwa bado vimenyooka juu ya benchi, ndipo uvipinde pamoja. Ukipinda kwanza, kila kiungio kitabaki na pembe yake na behewa litaikumbuka kila likipita.

Umeme ndio mahali ambapo wengi hubana matumizi, na ndipo nitakapokawia. Treni yako inapunguza mwendo kwa sababu umeunganisha waya mahali pamoja, na umeme unasafiri kupitia viungio vya reli mpaka upande wa pili. Kile kibati kinachoshika reli mbili kazi yake ni kuzinyoosha, si kupitisha umeme. Kikipata kutu kidogo au rangi, kinakuwa kizuizi; viungio ishirini ni vizuizi ishirini. Pitisha chini ya rafu waya mbili nene za shaba, milimita za mraba 2.5, kuzunguka chumba chote. Kutoka kwenye hizo, kila kipande cha reli (narudia, kila kipande) kipate jozi yake ya waya nyembamba, fupi, zisizozidi sm 30, zilizolehemiwa ubavuni mwa reli. Tumia rangi mbili usizibadilishe hata siku moja: nyekundu reli ya ukutani, nyeusi reli ya upande wako. Saa tatu za usiku, ukiwa chali chini ya rafu na tochi mdomoni, utanishukuru.

Ukishamaliza, chukua sarafu. Washa umeme, nenda mahali pa mbali kuliko pote, iweke sarafu juu ya reli zote mbili ipige shoti. Kifaa cha umeme kinatakiwa kijizime mara moja. Rudia kila baada ya mita moja. Mahali ambapo hakijizimi, waya hazitoshi, na hilo ni jambo la hatari. Mfumo wa dijitali wa kuendeshea treni, DCC, wa ampea 5 kwa volti 15 unaweza kumwaga wati 75 mahali gurudumu moja lilipoegemea vibaya. Nimewahi kuinua behewa langu nikakuta gurudumu limezama ndani ya plastiki iliyoyeyuka. Harufu yake ilikaa chumbani siku mbili.

Mbao nitazipitia haraka. Fremu nyepesi, plaiwudi ya mm 12 juu, mihimili kila sm 40, kila kitu kimepigwa pima maji. Paka rangi plaiwudi pande zote mbili hata ile ya chini isiyoonekana, maana kinachotanua na kukunja reli zako ni unyevu kwenye mbao zaidi ya joto kwenye chuma. Acha upenyo wa unene wa kadi kati ya reli na reli kwenye sehemu zilizonyooka.

Kuhusu kuonekana kama mchezo. Milima si tatizo lako. Tatizo ni njia nne za mzunguko. Treni yako ni kama mita 2.6, na kwenye ubao ule mzunguko mzima hauzidi mita 6. Inakaribia kuukamata mkia wake mwenyewe. Reli ya kweli huoni inakotoka wala inakokwenda. Kwa hiyo jenga njia moja kuu, na mahali pamoja pa kupishania treni, pasipungue mita 3. Kisha weka stesheni ya maficho, njia nne au tano, ambako treni zinasubiri zamu. Wengi huiweka chini ya rafu. Lakini ili mkono upite unahitaji nafasi ya sm 20, na kwa mteremko wa asilimia 2 hizo ni mita 10 za kushuka, zaidi ya nusu ya mzunguko wako. Mimi ningeificha kimo kilekile, nyuma ya ubao wa mandhari kwenye ukuta mmoja mrefu, ubao wenyewe usizidi sm 40 ili uweze kuchungulia na kuingiza mkono.

Kubali pia kubana umbali. Miniatur Wunderland ya Hamburg, iliyofunguliwa 2001, inatumia HO hiyohiyo, na inao mlima Matterhorn. Mlima wa kweli una mita 4,478. Kwa 1:87 ungekuwa mita 51, jengo la ghorofa kumi na kitu. Wao wameufupisha sana na macho yanaukubali. Lakini vitu vilivyo jirani na treni usivifupishe. Mti wa mita 20 unatakiwa uwe na sm 23, na ninachokiona kwenye modeli nyingi ni vichaka vya sm 8 vinavyofikia dirisha la pili la jengo.

Halafu paka ubavu wa reli rangi ya kutu kavu, isiyong'aa, ukiacha juu tu pakiwa chuma kitupu. Kazi ya jioni mbili, na hakuna kitu kingine kinachobadilisha sura ya modeli kiasi hicho. Laza njia kwa mshazari kidogo, isilingane na ukingo wa rafu. Punguza mwendo pia: treni ya km 80 kwa saa inapita kama sm 25 kwa sekunde, kwa hiyo behewa lako moja lichukue zaidi kidogo ya sekunde moja kuupita mti. Pima kwa saa. Nina hakika zako zinaruka.

Usikimbilie mandhari. Tembeza treni juu ya mbao tupu miezi miwili mizima, kinyumenyume pia, mabehewa yote manane yakisukumwa. Ndipo umwage kokoto. Zipange kwa brashi kavu kwanza, zisifunike mataruma, kisha zilowanishe kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, la sivyo gundi itajikusanya matone juu kama maji kwenye jani la muhogo. Baada ya hapo dondosha gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji. Kwenye pointi, pale njia inapogawanyika, weka chache sana, gundi isifike kabisa chini ya ndimi zake, na uzisogeze huku na huku kila baada ya nusu saa mpaka kokoto za jirani zikauke.