Sululu wa Mida

SWALI: Naishi Gede. Nikienda Hori la Mida mwezi wa Oktoba naona ndege, sululu na wengine, kama vidoti tu mbali kwenye tope. Nakosea wapi? – Msomaji

JIBU: Unafika maji yakiwa yamekupwa. Tope likiwa wazi, ndege hutawanyika kutafuta kaa na minyoo. Nenda ikiwa zimebaki saa 2 hadi 3 maji yajae kabisa, simama sehemu moja, jua likiwa mgongoni, uache maji yawasukume kuja kwako. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ni bora. Maji mafu, yasiyojaa sana, huacha tope kubwa wazi hata yakijaa. Ila usivuke vijito: maji hujaa nyuma yako kabla hujagundua.

Darubini ya 8x42 (inayokuza mara 8, lenzi za milimita 42) inatosha. Sululu utamjua kwa mdomo mrefu uliopinda chini. Amekimbia baridi ya kaskazini. Mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene ni mla kaa, anayezaliana kwenye mashimo ya mchanga pande za Oman na Ghuba.

Ukikuta mizizi iliyochomoza topeni kama penseli, huo ni mchu, aina ya mkoko. Usiikanyage, mti hupumulia hapo.