Louer: kusifu, kupanga au kupangisha?

SWALI: Natafsiri mkataba wa nyumba kutoka Kifaransa. Kamusi yangu inasema kitenzi louer ni “kusifu”, halafu inasema ni “kupanga nyumba”. Ni neno moja kweli? Na nikikuta “j'ai loué une maison”, niandike nimepanga au nimepangisha?

JIBU: Ni maneno mawili yaliyokutana njiani. La kusifu limetoka kwenye laudare ya Kilatini, nalo ndilo lililomo katika “Dieu soit loué”, Mungu asifiwe. La nyumba limetoka kwenye locare, yaani kuweka mahali, lenye mzizi wa locus, mahali. Matamshi yalimomonyoka karne kwa karne hadi yakalingana, na leo hata mnyambuliko ni mmoja. Nomino ndizo zinazoyatenga: louange ni sifa, location ni upangaji. Anayejua Kiingereza asiponzwe na hilo la pili. Bango la “location de voitures” halielekezi mtu popote, linasema hapa magari yanakodishwa.

Kinachonifurahisha ni kwamba Waroma walianza na kuweka kitu mahali pake wakaishia kwenye nyumba, na sisi kitenzi kilekile kinapanga vyombo kabatini na kupanga chumba Manzese. Hatukuigana, lakini tumefanana.

Ugumu wako uko kwenye swali la pili. “Je loue un appartement à Paul”: Paul anaweza kuwa mwenye nyumba, anaweza kuwa mpangaji. Hicho kihusishi à nacho hakisaidii, kinakubali pande zote mbili. Kiswahili humaliza ubishi huo kwa silabi moja tu: kupanga na kupangisha, kukodi na kukodisha. (Tusijigambe sana, lakini. Kodi ya nyumba na kodi ya serikali sisi tunaziita jina moja; Mfaransa ana loyer na impôt.)

Kwa hiyo sentensi yako ikisimama peke yake haina jibu. Mfaransa mwenyewe akitaka kueleweka husema donner en location, kupangisha, au prendre en location, kupanga. Kwenye mkataba, tafuta bailleur na preneur. La kwanza limetokana na bailler, kitenzi cha zamani cha kutoa; la pili na prendre, kuchukua. Aliyetia saini kama bailleur mwandike mpangishaji, na preneur ni mpangaji.