Jibu: SPACY ya Takashi Ito ilitengenezwaje?
Ndugu, umeuliza kuhusu SPACY, filamu fupi ya majaribio ya Mjapani Takashi Ito ya mwaka 1981: mwendo ule wa kamera ndani ya ukumbi wa mazoezi ya michezo (gym), inaposogelea picha za ukumbi huohuo zilizosimamishwa humo na kuingia ndani yake, ulipatikanaje. Ni picha mnato kama 700, zikapigwa upya fremu kwa fremu kwenye filamu ya milimita 16. Dakika 10 kwa fremu 24 kila sekunde ni fremu 14,400, kwa hiyo picha zilezile zinarudi kwa mpangilio mwingine. Hapo ndipo uzuri wake ulipo!

Ukijaribu kwa simu, tumia stendi, weka alama sakafuni kila sentimita 10, funga mipangilio ya mwangaza na fokasi kwenye kamera ya simu isibadilike; ukiiacha ijirekebishe, video itapepesa. Unapoingia ndani ya picha iliyosimamishwa ukumbini, kingo zake zijaze fremu kabisa, la sivyo mruko utaonekana.