Greihaundi wangu kaambiwa ana thairoidi, ngazi hapandi, na kamngurumia mtoto

SWALI: Daktari habari za kazi. Mimi ni nesi, mtu wa Tanga ila tunaishi Leicester, mume wangu yuko shifti za usiku. Tumemchukua greihaundi dume wa miaka minne, alikuwa mbwa wa mashindano ya mbio, ana tatuu masikio yote mawili, ana wiki tatu sasa hapa nyumbani. Mpole kweli ila ngazi hapandi hata umvute, analala kutwa mpaka nawaza anaumwa, nikitoka analia hadi majirani wanagonga ukuta, na juzi mwanangu wa miaka sita alimkumbatia akiwa amelala akamngurumia vibaya sana, mume anasema arudishwe. Halafu kliniki wamempima damu wanasema thairoidi iko chini, aanze vidonge vya maisha. Kuna ukweli hapo?

JIBU: Dada, pole na hongera kwa pamoja. Ngoja nianze na vidonge, maana hicho ndo kitu cha haraka, hayo mengine yanataka subira tu.

Usianze vidonge kwanza. Greihaundi damu yake haisomwi kama ya mbwa wengine, na hili hata madaktari wazuri linawapita kama hawakutani na hawa mbwa mara kwa mara. T4, yaani homoni ya thairoidi wanayoipima kwenye damu, ya greihaundi mzima kabisa, anakula, anakimbia, mara nyingi inakuwa chini ya kile kiwango maabara wanachokichapa pembeni ya majibu, kwa sababu kile kiwango kimetengenezwa kwa mbwa wa kila aina, malabrado na wenzake, sasa ukimweka greihaundi kwenye mstari huo lazima aonekane mgonjwa. Nenda kliniki, kwa adabu kabisa, waulize kama wamepima TSH (homoni inayoiamrisha thairoidi ifanye kazi) na kolesteroli. Thairoidi ikiwa imefeli kweli, mara nyingi TSH inapanda na kolesteroli inapanda, halafu na mbwa mwenyewe unamwona: ananenepa bila kula sana, ngozi inaharibika, anakuwa mzito mzito. Wako umesema ni mwembamba? Hukusema, lakini nakisia mbavu mbili tatu za nyuma zinaonekana, basi huyo yuko sawa. Na kama mapaja yake kwa nyuma hayana manyoya, hilo nalo kwa greihaundi ni kawaida sana, watu wanalisingizia thairoidi bure. Ukimpa homoni asiyoihitaji moyo utaenda mbio, atahema hovyo, hatatulia, atazidi kukonda.

Tukiwa hapo hapo kwenye damu, wewe ni nesi utanielewa haraka. PCV yake, yaani asilimia ya seli nyekundu kwenye damu, ikija 60 usishtuke, hawa wana seli nyekundu nyingi, ndo injini yenyewe hiyo. Pleteleti, zile chembe za kugandisha damu, zinakuwa chache kuliko za mbwa wengine, seli nyeupe hivyo hivyo, kreatinini inakuwa juu kidogo kwa sababu mwili mzima ni misuli, si kwamba figo zimekufa. Mwombe daktari wake aweke majibu ya sasa kwenye faili yawe ndo kipimo chake yeye mwenyewe, ili siku akiumwa kweli mlinganishe na hayo, msilinganishe na mbwa wa jirani.

Na siku ikifika ya nusukaputi, itafika tu, maana meno ya greihaundi ni janga (utafiti wa chuo cha mifugo cha RVC London uliotoka 2019 ulikuta karibu 4 kati ya kila 10 wana ugonjwa wa fizi), hakikisha wanajua wanashika greihaundi. Ini lake linachelewa kusafisha baadhi ya dawa za usingizi, ile ya zamani thaiopentali ndo mbaya zaidi, anaweza kulala masaa na masaa. Pia kuna kitu cha ajabu, anafanyiwa upasuaji vizuri, hatoki damu, mnarudi nyumbani mnashukuru Mungu, halafu kesho yake au keshokutwa ndo anaanza kuvimba michubuko na kuvuja kwenye kidonda. Ipo dawa ya kuzuia, asidi ya traneksamiki, unaijua kutoka wodini kwako, iulizie kabla ya upasuaji, usisubiri damu ianze. Kwa sasa nunua mswaki na dawa ya meno ya mbwa, ya watu hapana, anza na kidole tu kwenye fizi.

Sasa mtoto. Huyu mbwa, kwa tatuu za masikio yote mawili, amezaliwa Ireland, na maisha yake yote kalala bandani. Huko hakuna mtu anayemwangukia mbwa akiwa usingizini, kila mmoja ana sehemu yake na analala bila kuguswa. Tena greihaundi wengi wanalala macho wazi, mtoto anaona mbwa yuko macho anamkumbatia, kumbe mwenzake yuko ndotoni huko. Anashtuka anangurumia kabla hata hajajua yuko wapi. Huo si ukali, ni mshtuko, ila mshtuko nao una meno kwa hiyo usiuchukulie poa. Godoro lake liweke pembeni ambako watu hawapiti, na sheria ya nyumba iwe moja: mbwa akiwa kwenye godoro lake haguswi na mtu yeyote, hata baba. Mkimtaka muiteni jina mkiwa mbali mpaka ainuke aje mwenyewe, hapo mtoto ambembeleze atakavyo, na mtu mzima awepo. Asipande vitandani wala kwenye kochi kwa sasa. Na tafadhali msimpige wala kumkaripia kwa kungurumia, ule mngurumo ndo taarifa yake, ukimfundisha anyamaze siku nyingine atauma bila kusema kitu. Mwambie shemeji asubiri, sheria hii ikishikwa vizuri wengi wanatulia, ila akingurumia tena mtoto yuko mbali na godoro au mbwa yuko macho kabisa, hiyo ni habari nyingine, piga simu kwa waliowapa, wengi wao wana watu wa kushughulikia tabia.

Ngazi ni rahisi kuliko unavyodhani, hajawahi kuziona, ndo hivyo tu. Usimvute kwa kola, ukivuta anaganda kabisa anakuwa nguzo. Mvalishe mkanda wa kifuani, mtu mmoja asimame nyuma yake amzuie asirudi kinyumenyume, wewe piga magoti pembeni, shika mguu wa mbele uweke ngazi ya kwanza, wa pili hivyo hivyo, halafu miguu ya nyuma mmoja mmoja, polepole, na kipande cha kuku kila hatua. Atatetemeka. Mkifika juu msherehekee. Kushuka ndo kazi, maana anataka kuruka zote kwa mpigo, mtu akae mbele yake. Ngazi za mbao zinazoteleza tandika kapeti kwanza, na sakafu ya jikoni pia, miguu ikimponyoka mara moja anaweza kukataa chumba kizima. Milango ya vioo bandika stika usawa wa macho yake. Kukaa kitako usimlazimishe, wengi hawapendi, mapaja hayawaruhusu.

Kulala kutwa ni yeye huyo, masaa 16 mpaka 18 kwa siku wala si ugonjwa. Kulia ukitoka, hapo nina huruma naye kwa sababu bandani hajawahi kuwa peke yake hata siku moja, siku zote kuna mbwa wenzake pembeni. Anza kwa kutoka chumbani unafunga mlango unarudi kabla hajalia, dakika moja, mbili, tano, unaongeza kidogo kidogo, bila kuagana kwa machozi mlangoni. Kwa vile mume yuko nyumbani mchana mna bahati, pangeni shifti asiachwe masaa mengi mwezi huu. Kabla ya kumwacha atembezwe, dakika 20 zinatosha.

Mengine nayapitia haraka haraka. Chakula alichokuwa anakula kwao usikikate ghafla, changanya na kipya kwa wiki moja hivi la sivyo utafuta kapeti kila asubuhi, na asikimbie akishakula tu, kifua kirefu kile tumbo linaweza kujaa gesi likajipinda na hiyo ni dharura ya kufa. Sisi nyumba zetu zina mchuzi na pilau, sasa vitunguu ni sumu kwa mbwa, mifupa ya kuku iliyopikwa inamchoma tumboni, zabibu kavu kwenye keki hapana, na chingamu isiyo na sukari yenye zailitoli (kile kitamu cha badala ya sukari) ifungie kabatini. Shangazi akija kutoka Tanga akasema mbona mbwa mnamnyima chakula, mwache aseme. Baridi ikianza mvalishe koti, hana mafuta mwilini wala manyoya ya maana. Kola iwe ile pana inayojibana akivuta, maana shingo ni nene kuliko kichwa na kola ya kawaida inachomoka. Kamba usimwachie sehemu isiyo na uzio, akiona sungura anapita kilomita 60 kwa saa na masikio yanaziba kabisa, utaita mpaka sauti ikauke. Chipu yake hakikisha imeandikwa jina lako na namba yako ya sasa.

Kitu kimoja cha kiafya ambacho sitaki ukipitie haraka ni kuchechemea. Akichechemea kwenye lami akawa afadhali kwenye nyasi, mpindue mguu uangalie nyayo, kuna sugu ndogo ya duara, ngumu, kama punje imezama kwenye nyama, greihaundi wanazipata sana na zinauma kweli, zinatibika. Lakini akichechemea popote, siku zinapita na hapati nafuu, hasa akishakuwa na umri wa miaka saba nane na kuendelea, au mfupa umevimba juu ya kifundo au karibu na bega, dai eksirei bila kuchelewa. Saratani ya mfupa inawapata hawa kuliko mbwa wengi, na dawa za maumivu zinaificha watu wakidhani kateguka.

Kuhusu TSH, kama umeshaanza kumpa vidonge niambie, maana kipimo kitakuwa kimevurugika, mtaongea na daktari wake aviache wiki kadhaa ndo apimwe upya. Kama hujampa, apimwe hata wiki hii.