Re: Familia zinanikwepa baada ya miezi michache, tatizo ni nini?

Mkuu, umesema familia za watoto wenye ulemavu unazozitembelea nyumbani huko Tandahimba, Mtwara, zinakupokea vizuri mwanzoni, halafu baada ya miezi mitatu hivi mama hayupo, mtoto "kalala" na mazoezi ya viungo uliyoacha hayafanyiki. Kabla hujasema wazazi hawana mwamko, angalia kalenda. Kuanzia Septemba hadi Desemba watu wako mikoroshoni, na wengine huhamia kabisa vibandani. Ziara ya saa tatu asubuhi iliyopangwa ofisini mwezi Mei, Oktoba inakuta mlango umefungwa. Kaa na mama kabla ya msimu mkubaliane: umfuate shambani, uje jioni, au mpunguze ziara na kupigiana simu. Ukisema Jumanne, iwe Jumanne. Ukikwama, piga simu kabla.

Tatizo kubwa zaidi ni mzigo. Mhudumu anamwachia mazoezi manane mama mwenye watoto wengine na maji ya kuchota. Mama hayafanyi, anaona aibu kukwambia, basi siku yako "kasafiri". Mwachie mawili tu, yapachike kwenye kazi anazofanya hata usipokuja.

Mfano, mtoto mwenye mtindio wa ubongo aliyekakamaa miguu. Akishaogeshwa maji ya vuguvugu, goti likiwa limenyooka, mama akamate kisigino kwa kiganja, wayo uegemee mkono wake, ausogeze taratibu vidole vielekee upande wa goti hadi ahisi mvutano. Ashikilie kwa kuhesabu polepole mpaka 30, mara tatu kila mguu. Akilazimisha mtoto atalia kwa maumivu, na mama ataacha, wala hutamlaumu. Kama mtoto hupaliwa, tangulia na kulisha: aketi wima, kidevu kiinamie mbele kidogo, kijiko kidogo, uji mzito kiasi, asilazwe kwa nusu saa baada ya kula. Mama akiona kupaliwa kumepungua, atakusikiliza na kwa mengine. Na usimwonyeshe tu ukaondoka; afanye yeye, wewe tazama mikono yake.

Sasa, nani anaamua? Kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, mjomba ana neno, na bibi ndiye anayebaki na mtoto. Ukimfundisha mama peke yake, bibi ataendelea kumlisha mtoto amelala chali. Mpe bibi shikamoo yake, kaa naye, mwulize yeye humlishaje. Safari ya hospitali inayohitaji nauli na siku kadhaa, omba mjomba awepo mnapoizungumza. Baba naye asisahaulike, hasa pale mama anapolaumiwa kwamba ulemavu umetoka upande wake. Hapo sema wazi mbele ya wote kwamba si kosa la mama.

Wakimpeleka mtoto kwa mganga wa kienyeji, usiifanye vita. Simama imara kwenye jambo moja: dawa za kifafa zisikatishwe ghafla, maana degedege linaweza kurudi kwa nguvu. Likizidi dakika tano, ni hospitali moja kwa moja.

Usiahidi kiti cha magurudumu. Sema "nitapeleka jina kwa afisa ustawi wa jamii, jibu nitalileta hata likiwa hapana," kisha ulilete. Kiti kisichopimwa huleta vidonda na kupinda mgongo. Wakati mnasubiri, fundi seremala anaweza kutengeneza kiti cha kona, yaani chenye egemeo la mbao mbili zinazokutana kama kona ya ukuta. Kina cha sehemu ya kukalia kipimwe kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, utoe vidole viwili. Kimo chake kiwe kutoka nyuma ya goti hadi unyayo, miguu isining'inie.

Ukikaribishwa ming'oko, vile viazi pori vya huku Kusini, kula kidogo. Kukataa chakula huku ni tusi. Pesa na kuku, hapana, kwa upole. Picha ya mtoto usipige bila ruhusa, na ruhusa ya kupiga si ruhusa ya kurusha kwenye kundi la WhatsApp. Familia ikiikuta huko, hata majirani watakufungia milango.

Daftari la maendeleo libaki nyumbani kwao, si kwenye begi lako. Ukihamishwa, waambie mwezi mmoja kabla na umlete mwenzako angalau ziara moja mkiwa wawili.