Usimkabili mumeo peke yako

Dada, umeuliza kama umbane mumeo usiku huu, baada ya kugundua ameghushi taarifa za benki na akiba yenu imekwisha. Usimbane mkiwa wawili tu. Mwaka 1993 huko Ufaransa, Jean-Claude Romand aliua mkewe, watoto wao wawili na wazazi wake. Kwa takriban miaka 18 alijifanya daktari huku akila fedha za ndugu. Uongo ulipokaribia kufichuka, aibu ilimzidi, akaiona familia kama mali yake ya kuzama nayo. Wadanganyifu wengi hawaui, nisikutishe bure. Lakini mumeo akitamka "bora tufe wote," ondoka na watoto kwanza, kisha nenda polisi. Nakala za taarifa hizo za benki mpe ndugu unayemwamini, leo hii.