Papa wa Baharini na Papa wa Roma

Barua nyingi za safari hii zinauliza neno moja: papa. Nimefurahi, maana watu wa kusini tunalitamka kila siku sokoni, na lina mengi ya kutufundisha.

Shikamoo mwalimu. Kwetu papa ni samaki, lakini redioni nasikia Papa wa Roma. Ni neno moja? (Mikindani)

Marahaba. Hapana, yamefanana sauti tu. Papa wa Roma ametoka kwenye Kigiriki *pappas*, jina ambalo watoto walimwitia baba. Kilatini kikalifanya *papa*. Wala halikuanzia Roma. Katika karne ya 3 askofu wa Aleksandria, Misri, alikuwa tayari akiitwa hivyo, na mkuu wa Wakopti, yaani Wakristo wa asili wa Misri, anacho cheo hicho mpaka leo. Waarabu hawana sauti ya p, kwa hiyo husema *al-Baba*. Mkatoliki wa Ndanda akisema "Baba Mtakatifu", yeye na Waarabu wamekutana, kila mmoja kwa njia yake.

Nimeona mpishi wa Peru anamenya viazi, anaviita papa. Nimesikia vibaya? (Lindi mjini)

Umesikia sawasawa. Ni neno la Kiquechua, lugha ya milima ya Andes, ambako viazi hivyo vilianza kulimwa. Wahispania wakalichukua, ndiyo maana kwao *el papa* ni yule wa Roma na *la papa* ni kiazi. Huko Hispania kwenyewe wengi husema *patata*, baada ya kulichanganya na *batata*, neno la Wataino wa visiwa vya Karibi kwa kiazi kitamu. Batata hiyohiyo Wareno waliibeba hadi pwani yetu, nasi tukapata mbatata. Hapo sasa pana undugu wa kweli: njia inaonekana, na waliobeba wanajulikana.

Wachina nao husema baba. Mimi nasema lugha zetu ni ndugu, mwenzangu anabisha. Nani kashinda? (Newala)

Mwenzako. Mtoto mchanga akianza kubwabwaja, sauti za midomo, yaani m, b na p, pamoja na a, ndizo zinazomjia upesi. Wazazi huzidaka na kuzifanya majina yao. Mwanaisimu Roman Jakobson alilieleza jambo hili mwaka 1960. Sauti ni ya mtoto, maana ni ya wakubwa: Wajojia, watu wa nchi ya Georgia, humwita baba *mama*, na mama humwita *deda*! Kwa Warusi *baba* ni mwanamke mzee. Undugu utafute karibu. Mtu kwa Kimakonde ni *munu*, kwa Kiyao *mundu*. Ukiendelea kulinganisha hivyo neno kwa neno, mamia kwa mamia, utauona. Neno moja halitoshi, hasa likiwa la watoto.

Na papai je? (Nachingwea)

Halihusiani na papa yeyote. Ni tunda la Amerika, na jina lake lilisafiri na Wahispania na Wareno. Ila ukifika Brazil uwe mwangalifu: huko *papai* ni baba, na tunda lenyewe huitwa *mamão*.